Kifungua Kinywa cha Gari la Mkaa

Mliniacha kwenye uwanja wa boma la Biharamulo, na uongo mmoja mkubwa umeshanitoka mdomoni.

Kwa yule aliyefungia sukari gazeti la wiki iliyopita kabla hajalisoma, nitarudia kwa ufupi. Ilikuwa miaka ya Vita Kuu ya Pili. Petroli yote ilikuwa imekwenda vitani. Mimi, Sabiti, dereva wa boksibodi, gari la mizigo la baba yangu mdogo, Mzee Habibu, nikawa dereva wa gari lililosimama. Na kijana aliyesimama wakati ule alikuwa na safari moja tu: kukamatwa na kupelekwa Tanga kukata mkonge.

Tulipopangwa mstari, Bwana Shauri, yule Mzungu kijana wa bomani, alifika mbele yangu akaniuliza, "Kazi yako?"

Nikajibu, "Fundi wa gesi ya mkaa, Bwana. Nafunga tangi kwenye gari, linakwenda bila petroli."

Habari hizo nilikuwa nimezisikia mara moja tu maishani, kutoka kwa utingo wa Kiganda, naye alikuwa amelewa.

Bwana Shauri hakucheka. Alisema, "Vyema. Siku ya gulio nitakuja Mugoma, huko kwenu. Gari liwake mbele yangu, lipande mlima hadi Ngara kwa nguvu zake lenyewe. Likifika, wewe ni fundi wa boma. Lisipofika, utaingia katika mstari wa mkonge papo hapo."

Basi nikarudi kwetu, na huko ndiko mambo yalikoanza kuharibika.

*

Duka la Mzee Habibu lilikuwa Kabanga, njia panda ya wenye kwenda Burundi na wenye kutoka huko. Nilimkuta kwenye kizingiti anapima chumvi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wenzako wamekwenda, wewe umerudi. Umetoroka?"

"Sikutoroka, baba. Nimepewa kazi na serikali. Nitafunga gesi kwenye gari letu."

"Letu?"

"Lako, baba."

Akaweka chini kibaba cha chumvi. "Sabiti, gari langu lilinunuliwa na matundu yake. Tundu lolote utakaloongeza, na wewe nitakutoboa mahali hapohapo."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. Alikuwa Bi Kuluthumu, mkewe. "Mwache mtoto atoboe! Gari limekaa uani mpaka kuku wanataga kwenye kiti chako. Mdogo wangu Pili kazaa kule Biharamulo, mtoto sasa anatembea, anatukana watu, mimi hata kumwona sijamwona."

"Kuluthumu, haya ni mambo ya mashine."

"Mashine gani? Hilo ni banda la kuku lenye usukani."

Mzee Habibu akachukua kibaba chake, akaendelea kupima chumvi. Ndivyo nilivyopata gari.

Tulilisukuma mpaka Mugoma. Watu walisukuma, wakaimba, na Mzee Habibu alikaa kwenye usukani akipiga honi kila tulipokutana na mtu, kusudi waone kwamba mwenye gari yumo.

Mugoma tulikwenda mapema, kabla ya siku ya gulio, kwa sababu moja. Kule ndiko alikokaa Bigirimana, mhunzi wa majembe na mikuki. Chuma kilimwogopa. Gari alikuwa hajawahi kulishika, lakini alikuwa na moto na mivukuto, na mimi nilikuwa na mdomo tu.

"Eleza unachotaka," akaniambia.

Nikamweleza kama yule utingo alivyonieleza. Pipa linajazwa mkaa. Unauwasha kwa chini, unaunyima hewa, uungue kwa uchungu. Pumzi yake unaikamata, unaipoza njiani, unaichuja, halafu unaipa injini.

Bigirimana akafikiri. Kisha akatoa kiko chake mdomoni akakitazama.

"Yaani gari linataka kuvuta kiko."

"Ndiyo hivyo."

"Sasa si ungesema? Kiko nakijua."

Tukaanza. Pipa tulilitoa kwa Mzee Habibu, lilikuwa la mafuta ya taa. Bigirimana alilitoboa mlango chini kwa kuwashia na mfuniko juu kwa kujazia, akalifunga nyuma ya boksibodi kwa vyuma vinne vilivyoshika fremu. Gari likainua pua juu kama mtu aliyetukanwa. Tukaweka mawe mbele, likashusha pua.

Halafu tukakwama. Bomba. Kutoka pipani nyuma mpaka injini mbele kulihitajika bomba refu, na Ngara nzima hapakuwa na bomba. Niliuliza misheni, niliuliza bomani, niliuliza mpaka kwa Warundi wanaovuka na chumvi. Hakuna.

Bi Kuluthumu aliyekuwa amekuja kuona safari yake imefikia wapi, akauliza, "Mnataka chuma chenye uwazi ndani?"

"Ndiyo, mama."

"Kama miguu ya kitanda changu?"

Kitanda kile kilitoka Tabora. Kilikuwa cha chuma, kina vipira vya shaba pembeni, na Mzee Habibu alikuwa akikipenda kuliko sisi sote.

"Mama, baba atasema nini?"

"Baba yako akilala hasemi, anakoroma. Chukueni. Lakini mkimaliza, safari ya kwanza ni kwa Pili."

Tulikwenda Kabanga, tukatoa vyuma vyote virefu, tukaacha kitanda kimesimamishwa kwa fimbo za mianzi na shuka limetandikwa vizuri. Jioni ile Mzee Habibu aliswali, akala, akapanda kulala. Majirani wanasema walidhani vita vimefika Kabanga.

Siku ya pili alikuja Mugoma anachechemea. Akalitazama bomba lililotoka juu ya pipa likapita chini ya gari lake, akavitambua vipira vya shaba.

"Sabiti."

"Naam, baba."

"Hivyo vipira, ulishindwa hata kuvitoa?"

"Vimekaza, baba."

"Basi viache. Angalau gari lipendeze."

*

Likabaki la kuchuja. Pumzi ya mkaa ina majivu, na majivu yakiingia kwenye injini huila kama mchwa. Tulikuwa tumetengeneza sanduku la bati njiani, tumelijaza vipande vya magunia. Tukajaribu. Moshi ulioingia mweusi ukatoka mweusi.

Kando ya kiwanda cha Bigirimana kulikuwa na shamba la migomba la mjane mmoja, Mama Generoza. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, na mwepesi zaidi wa maneno. Akasimama kwenye ua wake akatutazama.

"Wanaume, mnachuja nini?"

"Moshi," nikasema.

"Kwa gunia! Yoo! Bigirimana, wewe ndizi unakamua kwa nini? Kwa suruali?"

Bigirimana akajipiga kipaji cha uso. Kwetu ndizi za pombe hazikamuliwi kwa mikono mitupu. Zinachanganywa na nyasi za ishinge, zile kavu nyembamba, zinasukwasukwa mpaka juisi itoke safi na takataka zibaki kwenye nyasi. Kila mtoto wa Ngara anajua. Sisi wawili, kwa ajili ya neno "gari", tulikuwa tumesahau.

Generoza akatuletea mzigo wa ishinge. Tukashindilia. Moshi ulioingia mweusi ukatoka mweupe, mwepesi, hauna hata kikohozi.

Tukaziba viungo vyote kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na mavi ya ng'ombe. Kiungo kimoja tulikisahau. Mbuzi wa Bigirimana alikuwa amefungwa karibu nacho, akavuta pumzi ile, akalala akiwa amesimama, akaanguka. Tulipomwagia maji aliamka, akakaa siku nzima analia kama kondoo. Tukaziba na hapo.

Ikaja saa ya kuliwasha. Bigirimana akapuliza kwa mivukuto, mkaa ukawaka, nikaweka kijinga cha moto kwenye ncha ya bomba na ulimi wa moto wa buluu ukatokea. Gesi ipo! Watu wakapiga vigelegele. Nikaunganisha bomba kwenye kabureta, nikashika hendeli, nikazungusha.

Kimya.

Nikazungusha tena. Kimya. Bigirimana akazungusha, hendeli ikapinda, akainyoosha kwa mkono, akazungusha tena. Kimya.

Ndipo nilipokumbuka neno la mwisho la yule utingo, alilolisema akiwa ameshainamia meza: "Lakini lazima uliamshe kwanza kwa petroli kidogo, ndugu yangu. Likishaamka ndipo unalipatia gesi."

Nikakaa chini. Petroli ilikuwa imefungwa kwa kufuli ya serikali. Ukikutwa nayo hata ya kulowesha kitambaa, bila kibali, ni jela.

"Limekuwaje?" akauliza Generoza.

"Haliwezi kuanza na moshi mtupu. Linataka kitu cha kuliamsha."

"Kama mtu mzima yeyote," akasema. "Nani anaanza siku akiwa mkavu? Lipe kifungua kinywa."

Akaingia ndani. Akatoka na chupa ya dawa ya kikohozi ambayo ndani yake hapakuwa na dawa ya kikohozi. Akafungua kizibo. Ndege waliokuwa kwenye paa waliondoka.

Ilikuwa kanyanga. Pombe ya moshi, ya ndizi, iliyopikwa ikapita kwenye mrija ikadondoka tone kwa tone, kitu kilichopigwa marufuku na serikali kwa sauti kubwa. Aliyeipika jela, aliyekutwa nayo jela.

"Mama Generoza, hii unapika wewe?"

"Mimi? Mimi naipata tu nyumbani kwangu asubuhi. Sijui nani huiacha."

Nikamimina kidogo kwenye kabureta. Nikazungusha hendeli mara moja.

Wasomaji wangu, niliwahi kuona magari yakiwaka. Lile halikuwaka, lilifufuka. Lilipiga chafya, likakohoa, likacheka peke yake, likaanza kunguruma kwa furaha kama mzee aliyekumbuka ujana. Nikafungulia gesi polepole. Likapokea. Likaendelea kunguruma kwa mkaa mtupu!

Mzee Habibu alilikumbatia tangi kwa furaha. Alikuwa amesahau kwamba ndani yake mna moto. Kanzu yake ikapata duara kifuani, na akaivaa hivyo hivyo miaka mingi akiwaonyesha wageni.

*

Siku ya gulio Bwana Shauri alikuja kwa baiskeli, kwa maana hata serikali petroli ilikuwa imebaki ya kunusa. Nyuma yake alitembea mchukuzi na kiti cha kukunja. Nyuma ya mchukuzi walikuja vijana wa mkonge, wamefuatana mmoja mmoja na askari pembeni. Katikati ya mstari palikuwa na nafasi wazi. Nikaipima kwa macho. Ilikuwa saizi yangu.

Pembeni ya Bwana Shauri alikaa Audax, mtware wa Mugoma, mkubwa wa pale kwa niaba ya mwami, mfalme wetu. Nyuma yao wazee wa kijiji.

Bwana Shauri alikuwa amejifunza Kiswahili kwenye vitabu, akakizungumza kama anakisoma. "Je, fundi, chombo chako ki tayari?"

"Ki tayari, Bwana."

Bigirimana akapuliza mkaa. Mimi nikapeleka mkono chini ya kiti, nikatoa chupa, nikafungua kizibo.

Upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwao.

Niliona pua za wazee wote zikiinuka kwa pamoja.

"Ngoja," akasema Bwana Shauri. "Kilicho ndani ya chupa hiyo ni kitu gani?"

Nikahesabu njia zangu. Nikisema petroli, sina kibali, jela. Nikisema kanyanga, jela, na Generoza ananifuata. Nikisema maji, nitaambiwa niwashe kwa maji.

"Ni dawa, Bwana. Dawa ya injini. Ya miti shamba."

Mtware Audax akainuka, akasafisha koo. "Bwana, kijana huyu namjua, ni mwongo. Kwetu mwenye chupa huonja kwanza, watu waone hakuna sumu. Kama ni dawa, aonje."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananiokoa au alikuwa na kiu.

"Desturi njema," akasema Bwana Shauri. "Onja."

Nikamtazama Mzee Habibu. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma Kurani nikiwa sijaota meno ya mbele. Akanikazia macho.

"Sabiti, hiyo ni dawa?"

"Dawa, baba."

"Dawa ya gari?"

"Ya gari, baba."

"Basi unakunywa kama gari. Si kama wewe." Akageuka akaanza kutazama migomba, kama mtu aliyeona huko jambo la maana.

Nikapiga funda. Ilishuka kama msumari uliotoka kwenye moto wa Bigirimana. Macho yalitaka kutoka, nikayazuia kwa kope. Masikio yalipiga kengele.

"Je?" akauliza Bwana Shauri.

"Chungu kidogo, Bwana," nikasema, kwa sauti ya mtu mwingine.

Nikashukuru Mungu, nikageukia kabureta. Lakini nilikuwa nimesahau nusu ya pili ya desturi. Kwetu mwenye chupa akishaonja, chupa si yake tena. Ni ya wageni. Kuinyima baada ya kuionja ni kuwaambia watu, "Ninyi si watu."

Mkono wa Mtware Audax ulikuwa umeshanyooshwa.

Akanywa. Akafumba macho. "Ego, naam," akasema, "ni dawa." Kisha akafikiri. "Lakini shahidi mmoja hatoshi." Akampa mzee aliyemfuata.

"Wazee wangu," nikalia, "mnamaliza chakula cha gari!"

"Gari ni moja," akajibu mzee yule akipangusa ndevu, "na sisi tuko wengi."

Chupa ikaenda. Kila aliyeishika alithibitisha kwa makini. Bwana Shauri akamwinamia Audax. "Mbona wote wanaonja?"

"Wanaitikia, Bwana. Kama misani."

Askari wa mkonge akapiga hatua moja kunisogelea. Chupa ikafika kwa wa mwisho, Mzee Uwimana, mkongwe kuliko wote, ambaye husikia anachotaka tu. Aliitazama kwenye mwanga akaona kilichobaki ni kidogo, hakifai kumrudishia mtu. Akaigeuza kitako mbinguni.

Niliruka.

"Mzee, usimeze!"

Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Alinitazama kwa macho ya mtoto aliyenyang'anywa titi. Bigirimana akaacha mivukuto, akamkumbatia kwa nyuma, akambeba kama gogo mpaka kwenye injini.

"Tema hapa, mzee! Hapa, kwenye kikombe hiki cha kabureta!"

Uwimana akatikisa kichwa. Oya, hapana. Hatemi.

"Mzee wangu, nitapelekwa Tanga!"

Akatikisa tena. Tanga hakuijua.

Ndipo Mama Generoza akapaza sauti kutoka kati ya wanawake: "Uwimana! Ukimeza hiyo, mlangoni kwangu usikanyage tena mpaka uzikwe!"

Hilo alilisikia. Chozi likamtoka jicho la kushoto. Akainama juu ya kabureta akatema yote, kwa uaminifu, bila kubakiza.

Bwana Shauri alikuwa amesimama. "Mzee huyu anafanya nini?"

"Anabariki, Bwana," akasema Audax bila kupepesa. "Kwetu kitu kipya hupulizwa na mzee kwa mdomo wake."

"Ajabu," akasema Bwana Shauri, akavua kofia.

Nikashika hendeli. Nikaizungusha. Kimya. Askari akapiga hatua nyingine. Nikaizungusha tena kwa nguvu zote alizoniachia mama yangu.

Gari likalipuka kuamka. Moto ulitoka kwenye ekzosi urefu wa mkuki. Kuku wa Bonifasia, mwuza viazi, alikuwa anapita nyuma. Akaiva upande mmoja, akaendelea na safari yake upande wa pili ungali mbichi. Nikafungulia gesi. Likapokea!

"Pandeni!" nikapiga kelele. "Pandeni kabla halijabadili mawazo!"

Bwana Shauri akakaa kando yangu. Mzee Habibu na Bi Kuluthumu wakaingia nyuma, mama na furushi lake la safari, kwani aliamini kabisa kwamba tukifika Ngara hatutasimama mpaka Biharamulo. Mama Generoza akakaa juu ya magunia ya mkaa. Bigirimana akaning'inia nje, anachokoa moto. Tuliupita mstari wa mkonge. Ile nafasi ilikuwa bado wazi, nikaipungia mkono.

Mlima tuliupanda. Sisemi tuliukimbia. Katikati alitupita bibi mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani, tukamwamkia shikamoo, akasema marahaba, akatuuliza kama tunahitaji msaada, akatuacha. Lakini tulipanda. Kila mzunguko wa gurudumu ulikuwa wa mkaa, na Mzee Habibu alikuwa anamwambia kila mtu njiani, "Hilo bomba ni kitanda changu!"

Mabati ya boma la Ngara yakaanza kung'aa mbele. Bwana Shauri akaniwekea mkono begani.

"Fundi," akaniambia.

Neno hilo lilinipita mwilini mote. Nilitaka kulia.

"Fundi, pumua."

"Naam, Bwana?"

"Nipumulie hapa." Akasogeza pua. Nikapumua kidogo, kwa kando. "Tena." Nikapumua.

Akajiegemeza kwenye kiti, akatazama mbele. "Mimi si mgeni sana katika nchi hii. Iliyokuwamo chupani si dawa. Ni nani aipikaye?"

Kwenye kioo cha juu niliona magunia, na juu ya magunia nikaona kitambaa cha kichwa cha Mama Generoza. Yeye ndiye aliyetupa ishinge. Yeye ndiye aliyelifungua gari kinywa. Nilitafuta uongo mdogo nisiupate, nikachukua mkubwa.

"Mimi, Bwana."

"Wewe?"

"Mimi mwenyewe. Napika kwa mikono yangu."

Akashikilia kofia mpaka tukapita mashimo mawili matatu. "Boma lina malori," akasema, "na malori hayana petroli. Nikikutia jela, yatalala. Basi sikiliza. Kesho asubuhi utapika mbele ya macho yangu, mwanzo hadi mwisho. Ikiwasha gari, wewe ni fundi wa boma, na habari hii hatuisemi tena. Isipowasha, umenidanganya mara mbili, nawe utakwenda Tanga kwa miguu, mbele ya mstari."

Mimi, wasomaji wangu, sikuwa najua hata kama ndizi huingia chunguni na maganda yake au zimemenywa.

Lakini sikuogopa sana. Mwalimu wangu alikuwa nyuma yangu. Kilichobaki ni kumnong'oneza. Nikasubiri Bwana Shauri ageuke kulitazama boma, nikapenyeza kichwa nyuma.

"Mama Generoza," nikasema kwa sauti ya chini, "usiku wa leo unifundishe…"

Juu ya magunia kilikuwa kimebaki kitambaa cha kichwa peke yake, kimenasa kwenye kipira cha shaba, kinapepea.

"Kashuka pale kwenye kona, mwanangu," akasema Bi Kuluthumu. "Alimwona Mzungu anakunusa."

Nikatazama bonde. Chini kabisa, migomba ilikuwa inatikisika, mmoja baada ya mwingine, kwa mstari ulionyooka, kuelekea Burundi.